Dar mpaka Mwanza lisaa na nusu, haya, nyumbani umetoka saa ngapi?

Mimi nakata tiketi za ndege Kariakoo, ofisi yenyewe ni kachumba ghorofa ya kwanza juu ya maduka ya vitenge, na swali la kwanza la mteja siku zote ni bei, hilo halina mjadala. La pili ni "dada, ni masaa mangapi?" Na siku hizi mteja anakuja na jibu lake mkononi kabisa. Ameshaingia mtandaoni, ameandika Dar na Mwanza, ameambiwa kilomita 850 na ushee, muda wa kuruka lisaa limoja na dakika chache, kaipiga picha hiyo skrini. Sasa tiketi ninayomtolea mimi inasema lisaa na dakika 25 na yeye ananiangalia kama nimemuongezea kitu.

Tuanze na hizo kurasa zenyewe, maana hazidanganyi, ila zinajibu swali ambalo hukuuliza. Kila uwanja wa ndege una latitudo na longitudo yake, kompyuta inachukua za DAR inachukua za MWZ (yaani Mwanza), inapiga hesabu ya njia fupi kabisa juu ya mgongo wa dunia, inapata kilomita, halafu inagawanya kwa spidi ya jeti ya kawaida, tuseme 850 kwa saa. Basi. Kurasa mbili zinaweza kukupa namba zinazopishana kidogo kwa njia ileile, kwa sababu moja imeichukulia dunia kuwa duara kamili na nyingine inajua imebonyea kidogo kwenye ncha (kutoka katikati ya dunia mpaka ikweta ni km 6,378, mpaka kwenye ncha ni 6,357), na nyingine inapima katikati ya mji badala ya uwanja. Kwa mtu anayewahi harusi Nyakato hayo yote hayamhusu.

Hiyo njia fupi ukitaka kuiona chukua ile tufe ya dunia ya shuleni, vuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine mpaka ukaze. Ndo maana ndege ya London kwenda Los Angeles inapita kule karibu na Greenland wakati kwenye ramani ya ukutani unaona kama wanazunguka bure. Sisi huku tuliojibanza karibu na ikweta hatuoni sana hiyo mikunjo, uzi wa Dar na Mwanza ni kama umenyooka tu, unapita juu ya maeneo ya Kondoa huko, haujui Morogoro, haujui mizani ya Vigwaza, haujui tochi za trafiki. Basi lenyewe linapitia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, unaondoka alfajiri unafika watu wameshalala.

Kitu kinachowashangaza watu wengi ni kwamba Nairobi ni karibu kuliko Mwanza. Kweli kabisa. Dar mpaka Nairobi kwa mstari ni kama km 670, Mwanza 850. Hata Moroni, Comoro, nchi ya watu, baharini huko, ni kama 680. Kuna kijana alibisha hapa ofisini mpaka akataka tuwekeane soda, kwamba Mwanza ni Tanzania haiwezi kuwa mbali kuliko nje ya nchi. Nikamuonyesha. Akasema basi kwa nini nauli ya Nairobi ni kubwa zaidi? Hapo sasa tukaingia kwenye kodi na tozo za viwanja vya kimataifa, na mambo ya soko, mada ambayo sitaigusa leo maana nitalala hapa. Ila shika hilo, kilomita hazipangi nauli, na kama utakavyoona hazipangi hata muda.

Kabla hatujaenda mbali, angalia herufi. Unayetafuta umbali mtandaoni chunga sana zile herufi tatu za uwanja. Mwanza ni MWZ, Mtwara ni MYW, hapo mtu na haraka zake anaweza kujikuta anasoma habari za kusini wakati anaenda ziwani. Lakini mtego mkubwa ni Pemba. Ukiandika Pemba tu, kuna kurasa zitakupeleka POL, ambayo ni Pemba ya Msumbiji, huko Cabo Delgado, karibu km 700 kutoka Dar. Pemba yetu, ya Chake Chake, ni PMA, na ni kama km 190. Mtu anakuja analalamika eti mbona Pemba imekuwa mbali namna hii, karafuu zenyewe zinafikaje sokoni, kumbe kasoma nchi nyingine. Na wale wa Arusha nao, JRO ni KIA, uwanja wa Kilimanjaro, uko katikati ya Arusha na Moshi, ukitua hapo bado una safari ya gari ya karibu kilomita 50 mpaka Arusha mjini, wakati ARK ni kile kiwanja kidogo cha Kisongo mlangoni kabisa mwa mji. Kwa karatasi vyote ni "Arusha".

Haya sasa zile dakika 20 za ziada.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege ikiacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka pale ilipopaki na unaisha inapopaki kule. Kila kitu katikati kinahesabiwa. Siku ukikaa dirishani we angalia tu saa yako. Mlango umefungwa, ndege inasukumwa nyuma na lile trekta, inawasha injini, inatembea pole pole mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, pale inaweza kukuta nyingine inatua ikasubiri, na dakika kumi zimeshakwenda hujaondoka hata Kipawa, pale uwanja ulipo.

Halafu njia ya kurukia pale uwanja wa Nyerere imelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, yenyewe inaitwa 05 ukiwa unaelekea mjini na 23 ukiwa unaelekea upande wa pili, hizo namba ni nyuzi za dira, 50 na 230, wamekata sifuri ya mwisho. Ndege hupaa ikielekea upepo unakotoka, inataka upepo wa uso. Kwahiyo kipindi cha kaskazi inapaa kuelekea mjini, na ukichora mstari kutoka uwanjani kwenda upande huo unapita Buguruni, unapita juu ya vichwa vyetu Kariakoo, unaingia baharini. Na zikiwa zinatua kwa upande wa 23 zinapita hapohapo juu yetu zikiwa zimeshusha matairi, mpaka mteja kwenye simu ananiambia dada subiri ipite kwanza. Sasa Mwanza iko wapi? Kaskazini-magharibi. Yaani umepaa unaelekea baharini, halafu rubani akunje kushoto zaidi ya robo duara ndo aanze kwenda unakokwenda. Kompyuta ya mtandaoni hiyo kona haijui, yenyewe inadhani umechomoka Kipawa kama mshale ukielekea Kondoa, tena ukiwa na spidi 850 tayari kutoka sekunde ya kwanza.

Wakati spidi hiyo inapatikana huko juu tu. Chini ya futi 10,000 ndege nyingi hazizidi noti 250, hiyo ni kama km 460 kwa saa, na kupanda mpaka kimo cha safari kunachukua robo saa au zaidi. Kushuka nako ni hivyohivyo. Marubani wana hesabu yao ya haraka, kila futi 1,000 unayotaka kushuka unahitaji maili 3 za baharini mbele yako, na maili ya baharini ni km 1.852. Ukiwa futi 36,000 piga mwenyewe: maili 108, yaani kilomita 200. Kwa hiyo ndege ya Mwanza inaanza kushuka ikiwa bado maeneo ya Meatu huko, wewe hata kahawa hujamaliza. Ukijumlisha kupanda na kushuka, kwenye safari ya km 850 ule muda wa kukimbia kwa spidi kamili ni kama nusu saa hivi. Halafu Mwanza uwanja uko ukingoni mwa ziwa, upepo ukiwa umegeuka mtazungushwa juu ya maji kwanza ndo mtue. Watu wanapiga picha, dakika zinakwenda.

Na hiyo ni jeti. Ndege zenyewe hazifanani: Airbus A220 inakimbia karibu 850, Q400 yenye mapanga boi inacheza kwenye 600 na kitu, ATR kama 500, na ile Cessna Caravan ya kwenda visiwani na mbugani kama 300 tu. Kwenye njia fupi utofauti huo hauumi, ila ukipangiwa ya mapanga boi kwenda mbali utausikia. Muulize wakala wako ni ndege gani, ni haki yako, siyo lazima ushtukie ngazini.

Sasa nije kwenye kinachoniuma mimi, ardhini. Dar hii muda mrefu zaidi wa safari ya ndege ya ndani unaumaliza ukiwa hujaiona ndege. Unakaa Bunju au Mbezi Luis au Kigamboni, ndege saa 2 asubuhi, unaambiwa ufike masaa mawili kabla, maana kaunta inafungwa mapema na ikifungwa imefungwa, hata ulie. Kwahiyo saa 12 uwe pale. Kutoka Bunju asubuhi kwenye foleni, hata tangu flaiova ya Tazara ifunguliwe 2018, mtu mwenye akili anatoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri. Umetoka saa 10 na nusu, unatua Mwanza saa 3 na nusu, unasubiri begi, unatafuta teksi, saa 4 na nusu ndo umefika kwa shangazi. Masaa 6. Ya hewani ni lisaa moja na dakika kidogo. Kwa hiyo mteja akiniuliza masaa mangapi, na mimi namuuliza unakaa wapi, na wengi wanadhani nawachimba.

Mwanza sawa, ndege inashinda, masaa 6 na basi la siku nzima haviwekwi meza moja. Lakini Zanzibar? Dar mpaka Zanzibar hewani ni km 73 tu, Caravan inakuvusha kwa dakika 20 hivi. Boti ni kama masaa mawili. Kwa macho ya skrini ndege imeshinda mbali sana. Lakini boti inaondokea pale bandarini mkabala na Kanisa la Mtakatifu Joseph, na Kariakoo mpaka pale ni bajaji ya dakika chache, na ukishuka Unguja uko Malindi, Mji Mkongwe huohuo. Ndege unaenda kwanza kilomita 12 mpaka Kipawa, upande ambao siko unakoenda, unakaguliwa, unakaa, unaruka dakika 20, unatua Kisauni, unatafuta gari kuja mjini. Mtu wa Posta au Upanga au Kariakoo nampeleka boti bila aibu, na kamisheni naikosa. Wa Ukonga au Gongo la Mboto namwambia panda ndege kama hela ipo. Na kama bahari inakutapisha, hasa miezi ile kusi imechafuka, hiyo ni hesabu nyingine, huwezi kuweka thamani kwenye tumbo la mtu.

Dodoma ndo ilinibadilisha kabisa. Hewani ni kama km 390, kuruka chini ya lisaa na robo. Zamani wafanyakazi wa wizara walikuwa wateja wangu wazuri. Ikaja 2024, treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma, inakimbia mpaka 160 kwa saa, ya moja kwa moja inatumia kama masaa matatu na nusu, na stesheni ya Dar iko katikati ya mji, na wa Pugu wana stesheni yao. Jumlisha mwenyewe ndege: gari kwenda uwanjani, masaa mawili ya kusubiri, kuruka, kutoka. Mnafika sawasawa au treni inakutangulia, na kwenye treni umekaa unafanya kazi yako na simu iko hewani muda wote. Bado kuna mabosi wanaopanda ndege ya Dodoma, sawa, kila mtu na kiti chake. Mimi kwa hela yangu sipandi.

Mafia ndo kinyume chake. Kilomita 125 tu hewani, nusu saa na Caravan. Bila ndege unaenda na gari mpaka Nyamisati, kule Kibiti, unasubiri boti, na maji kujaa na kupwa yana usemi wao, siku inaweza kwisha hivihivi. Yaani Zanzibar km 73 ndege haina maana kubwa, Mafia km 125 ina maana sana, na ramani peke yake haiwezi kukwambia hilo.

Nirudi kwenye saa, maana hapo ndo watu wanapoachwa kweli, na siyo kwa foleni. Ni zile tiketi za usiku wa manane. Alikuja mzee mmoja wa Bagamoyo na mjukuu wake, mzee anakwenda Muscat kwa mwanawe, tiketi Ijumaa 00:40. Kijana kaisoma haraka, akasema "Poa, basi Ijumaa usiku ntamleta babu eapoti." Nikafungua mdomo nimwambie, babu akaniwahi.

"Usiku wa Ijumaa si kesho hii, Alhamisi, jua likishazama?"

"Babu, imeandikwa Ijumaa."

"Ndiyo. Usiku wa Ijumaa. Unatangulia usiku halafu ndo Ijumaa yenyewe."

Nilicheka, nikamwambia babu uko sahihi, kesho Alhamisi baada ya swala ya isha muwe njiani. Yule mzee hesabu yake ya pwani, siku inaanza magharibi, ilimfikisha palepale tiketi inapotaka, wakati mjukuu na simu yake ya bei angekwenda kumpeleka babu kwenye ndege iliyoondoka jana yake. Kwa wateja wengine mimi naandika kwa peni nyekundu juu ya tiketi: "USIKU WA KUAMKIA IJUMAA". Na saa naandika ya Kiswahili pembeni, saa 6 na dakika 40 usiku, kwa sababu 07:00 kuna mtu anaisoma saa 7, anakuja mchana.

Halafu wa China. Wafanyabiashara wa hapa Kariakoo, Guangzhou kwao ni kama kwenda Mbagala, lakini kila mgeni wa njia hiyo ananiuliza swali lilelile. Tuseme tiketi ya kwenda inatoka Dar saa 4 asubuhi na kufika saa 7 na nusu usiku, ya kurudi inatoka kule saa 9 alfajiri na kufika Dar saa 3 asubuhi. Dada mmoja wa mikoba alihesabu kwa vidole akaniambia, "Kwenda masaa kumi na tano na nusu, kurudi masaa sita? Basi nitafutie ndege ya kwenda iwe hii hii ya kurudi."

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji kivyake. China wako mbele yetu masaa 5. Kwenda unatoa matano, inabaki kumi na nusu. Kurudi unaongeza matano, inakuwa kumi na moja. Dubai ni lisaa moja mbele, Mumbai masaa mawili na nusu, hiyo nusu inawachanganya watu kweli, na Johannesburg wako nyuma yetu lisaa, ndo maana safari ya masaa matatu na nusu kwenye tiketi inaonekana kama mawili na nusu.

Akaelewa. Halafu akaniuliza swali zuri kuliko la kwanza: sasa mbona bado kurudi kuna nusu saa zaidi, kilomita si zilezile 8,700? Ni zilezile. Ila huko juu upande wa Asia, hasa miezi yao ya baridi, kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda China unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Ndege spidi yake ndani ya hewa ni ileile, ila hewa yenyewe inatembea. Akafikiri kidogo, akauliza kama ya kurudi kuna punguzo basi, maana wanamchelewesha.

Nikamwambia hakuna, lipia hapa.